Malalamiko ya Mwananchi na Mfuko wa Halmashauri: Mfano wa Uingereza

Katika vikao vya halmashauri nyingi malalamiko ya wananchi huwekwa mwisho wa ajenda. Husomwa jioni, wajumbe wameshachoka, na hupokewa kwa mmoja wa mitazamo miwili. Mtazamo wa kwanza unasema mlalamikaji ni mkorofi, mtu asiyejua uzito wa kuongoza. Mtazamo wa pili ni wa upole zaidi: unasema ofisa fulani amekosea, basi aonywe, mwananchi aombwe radhi, na jalada lifungwe. Mtazamo mmoja unamwangalia mlalamikaji, na wa pili unamwangalia ofisa. Wote wawili hauangalii mfumo ambamo watu hao wawili wamekutana.

Katika makala haya tunakusudia kuuangalia mfumo huo. Tutashughulikia malalamiko ya aina mbili tu: yale yanayohusu utunzaji wa wazee na watu wenye ulemavu, na yale yanayohusu elimu maalum ya watoto. Mfano tutakaouchambua ni wa Uingereza, na tuna sababu ya kuuchagua. Katika nchi changa swali lolote juu ya huduma hujibiwa kwa neno moja, umaskini, na baada ya jibu hilo mjadala hufa. Uingereza haiwezi kujibu hivyo. Ina sheria nene, mahakama za zamani, wataalamu wengi, na fedha ambazo halmashauri zetu haziwezi hata kuziota. Hata hivyo wazazi na wazee wa nchi hiyo hulalamika kwa maelfu kila mwaka, na malalamiko yao yanapochunguzwa kwa kina, mara nyingi huthibitika kwamba wana haki. Basi hatuna budi kuuliza: ikiwa tatizo si ukosefu wa sheria, wala si umaskini wa taifa, ni nini?

(Tunaposema Uingereza hapa tuna maana ya England yenyewe. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao katika mambo haya.)

Haki hizi zilitoka wapi

Kwa miaka mingi mtu mzee au kilema asiye na mali katika Uingereza alikuwa chini ya Sheria ya Maskini. Sheria hiyo ilipotungwa upya mwaka 1834, ilikusudia msaada uwe mchungu kiasi kwamba ataukubali tu yule aliyeshindwa kabisa. Mtu alipelekwa katika nyumba ya maskini, akapewa chakula kwa sharti la kufanya kazi, na mume akatengwa na mkewe. Hapakuwa na malalamiko kwa maana tunayoijua, kwa sababu hapakuwa na haki ya kulalamikia. Aliyepewa uji alitakiwa kushukuru.

Mfumo huo ulifutwa rasmi mwaka 1948. Mwaka huo huo huduma ya afya ya taifa ilianza, na matibabu yakawa bure kwa wote. Lakini utunzaji wa mzee nyumbani, yaani kumwogesha, kumpikia, kumfulia, haukuwekwa katika huduma ya afya. Uliwekwa chini ya halmashauri, na halmashauri ilipewa haki ya kupima mali ya mtu kabla ya kumsaidia. Tofauti hiyo ya mwaka 1948 bado inawatesa Waingereza. Mtu mwenye saratani hatozwi kitu hospitalini, lakini mtu aliyepoteza akili kwa uzee, ambaye hitaji lake ni mtu wa kumshika mkono usiku na mchana, huulizwa kwanza ana akiba kiasi gani. Kiwango cha juu cha akiba kiliwekwa pauni 23,250 mwaka 2010, na miaka 15 baadaye kilikuwa palepale, ingawa bei ya kila kitu ilikuwa imepanda. Mpango wa kuweka ukomo wa pauni 86,000 kwa gharama za maisha yote ulitangazwa, ukaahirishwa, na hatimaye ukafutwa mwezi Julai 2024.

Upande wa watoto historia ni kali zaidi. Mpaka mwezi Aprili 1971 ilikuwa halali katika Uingereza kutamka kuwa mtoto fulani hawezi kuelimishwa. Mtoto huyo aliondolewa katika mamlaka ya elimu na kuhesabiwa kuwa ni wa idara ya afya. Sheria ya mwaka 1970 ilifuta tamko hilo. Kisha Kamati iliyoongozwa na Mary Warnock ikatoa ripoti mwaka 1978, ikasema kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watano atahitaji msaada maalum wakati fulani wa masomo yake, na kwamba tukiacha kuhesabu vilema na kuanza kuhesabu mahitaji tutaona jambo hilo kwa uwazi. Sheria ya Elimu ya 1981 ikafuata. Kwa mara ya kwanza mtoto mwenye mahitaji makubwa aliandikiwa hati, na hati hiyo ikaibana halmashauri. Mwaka 1993 sheria nyingine ikaunda baraza la rufaa la kuamua ugomvi baina ya mzazi na halmashauri. Na Sheria ya Watoto na Familia ya 2014 ikaigeuza hati hiyo kuwa Mpango wa Elimu, Afya na Utunzaji, unaoweza kumfuata kijana mpaka umri wa miaka 25, na ambao halmashauri ilitakiwa kuukamilisha katika muda wa wiki 20 tangu kuombwa.

Tumeieleza historia hii kwa sababu inaonyesha jambo moja muhimu. Kila sheria iliongeza haki, lakini hakuna hata moja iliyogusa swali la nani anashika mfuko.

Mwenye mizani ndiye mwenye duka

Tuchukue mzazi mmoja wa kawaida, tusimpe jina. Mtoto wake ana miaka saba, haongei vizuri, na darasani hutupa viti. Mzazi anaiandikia halmashauri kuomba mtoto apimwe. Nani anaamua kama mtoto apimwe au asipimwe? Halmashauri. Akipimwa, nani anaamua ukubwa wa hitaji lake? Halmashauri, baada ya kupokea maoni ya wataalamu, ambao mwanasaikolojia miongoni mwao huwa ameajiriwa au amekodiwa na halmashauri hiyo hiyo. Nani anaandika kwamba mtoto apate saa ngapi za mwalimu wa matamshi? Halmashauri. Nani atalipia saa hizo? Halmashauri. Na mzazi akiona hakutendewa haki, sheria inamtaka apeleke lalamiko lake kwanza kwa nani? Kwa halmashauri.

Kwa mzee hali ni ile ile, isipokuwa anaongezwa mtu wa tatu. Tangu mageuzi ya mwaka 1990 halmashauri za Uingereza zimeacha kwa sehemu kubwa kuajiri watunzaji wao wenyewe, na zimekuwa zikinunua huduma kwa makampuni binafsi. Kampuni inalipwa kwa dakika. Mtunzaji anafika, anamwamsha bibi, anampa dawa, anaondoka mbio kwenda nyumba ya pili. Bibi akilalamika kuwa hakuogeshwa, kampuni inasema halmashauri ilinunua dakika 15 tu, halmashauri inasema kampuni ndiyo iliyokubali mkataba. Sheria inasema wazi kwamba aliyekasimu kazi hakukasimu wajibu, na wachunguzi wa malalamiko wamelirudia jambo hilo mara nyingi. Lakini bibi wa miaka 86 haishi ndani ya sheria. Anaishi katika chumba ambamo mtu anayemlalamikia ndiye atakayekuja kesho asubuhi kumwinua kitandani. Tunadhani hofu hiyo ndiyo sababu malalamiko mengi ya wazee huandikwa na watoto wao, na mara nyingine huandikwa baada ya mazishi.

Ukinzani huu wa mwenye mizani kuwa mwenye duka ulifika mbele ya mahakama ya juu kabisa ya Uingereza mara mbili katika muda wa miezi 14, na majibu yalikuwa mawili tofauti. Kesi hizo zinastahili kuelezwa taratibu.

Ya kwanza ilitoka katika jimbo la Gloucestershire. Mzee wa karibu miaka 80, anayeishi peke yake, mwenye maradhi ya moyo na macho hafifu, alikuwa akisaidiwa na halmashauri kufanyiwa usafi wa nyumba na kufuliwa nguo. Mwaka 1994 alipokea barua. Barua haikusema kwamba amepona, wala kwamba nguo zake sasa zinajifua. Ilisema kwamba fedha kutoka serikali kuu zimepungua, na kwa hiyo huduma ya usafi na kufua inakoma. Mzee akashtaki kwa kutumia Sheria ya 1970 inayohusu wagonjwa wa muda mrefu na wenye ulemavu. Hoja ya mawakili wake ilikuwa nyepesi: hitaji ni hitaji, halipungui kwa sababu kasha la mhazini limepungua. Mwezi Machi 1997 majaji watano wa Baraza la Malodi waligawanyika, watatu kwa wawili, na mzee akashindwa. Wale watatu walisema kuwa hitaji halipimwi hewani. Halmashauri inapoweka kipimo cha nani anahitaji nini, inaruhusiwa kutazama fedha ilizo nazo.

Ya pili ilitoka East Sussex. Msichana mgonjwa, asiyeweza kwenda shule, alikuwa akifundishwa nyumbani saa tano kwa wiki. Halmashauri ikapunguza saa zikawa tatu, kwa sababu ya fedha. Mwezi Mei 1998 Baraza hilo hilo la Malodi lilitoa hukumu kwa kauli moja, na safari hii mlalamikaji akashinda. Majaji walisema kwamba elimu inayomfaa mtoto hupimwa kwa mtoto mwenyewe, yaani umri wake, akili yake na mahitaji yake. Fedha za halmashauri haziingii katika kipimo hicho. Halmashauri ikiwa na njia mbili zinazofaa sawasawa, inaweza kuchagua iliyo rahisi. Lakini haiwezi kuita kitu kisichofaa kuwa kinafaa kwa sababu ni rahisi.

Mwanasheria atatueleza kuwa hukumu hizi mbili hazipingani, maana zilitokana na sheria mbili zenye maneno tofauti. Huenda ni kweli. Lakini mtu anayetazama kwa jicho la kisiasa ataona jambo jingine. Mzee aliambiwa kwamba hitaji lake linaweza kuumbwa upya na bajeti. Mtoto aliambiwa kwamba hitaji lake ni lake. Tangu hapo halmashauri za Uingereza zimeishi na mifuko miwili, mmoja ambao mlango wake unaweza kusukumwa ndani kimya kimya, na mwingine ambao mlango wake sheria imeushikilia wazi. Sheria ya Utunzaji ya 2014 ilijaribu kusahihisha upande wa watu wazima kwa kuweka kipimo kimoja cha nchi nzima kuanzia Aprili 2015, ili mtu wa Gloucestershire na wa London wapimwe kwa kijiti kimoja. Kijiti kikawa kimoja. Anayekishika akabaki yule yule.

Safari ya lalamiko

Kwa kuwa halmashauri haiwezi kuwa hakimu wa mwisho wa kesi yake, Uingereza imeweka vyombo viwili nje yake. Cha kwanza ni lile baraza la rufaa tulilolitaja, ambalo huamua kama mtoto apewe mpango, na kwa mambo kadhaa yaliyomo ndani ya mpango huo. Halitozi ada, na maamuzi yake yanaibana halmashauri. Cha pili ni ombudsmani, yaani mchunguzi wa malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali za mitaa. Ofisi hiyo iliundwa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1974, na tangu 2017 jina lake limetaja pia utunzaji wa jamii. Tangu mwaka 2010 inaweza kuchunguza hata malalamiko ya mzee anayejilipia mwenyewe katika nyumba ya kampuni binafsi.

Mgawanyo wa kazi kati ya vyombo hivi ndio mahali ambapo wazazi wengi hupotea. Ukigombania kitu kilichoandikwa katika mpango, nenda kwenye baraza. Ukilalamikia kuchelewa, au kutotekelezwa kwa kilichoandikwa, nenda kwa ombudsmani. Ukilalamikia yanayotendeka ndani ya shule, ombudsmani hana mamlaka. Ukishakata rufaa kwenye baraza, mambo yaliyofungamana na rufaa hiyo hutoka mikononi mwa ombudsmani. Na kabla ya kufika kwake, lazima kwanza uwe umepitia ngazi za malalamiko za halmashauri yenyewe, na kwa kawaida usiwe umechelewa zaidi ya miezi 12 tangu ulipolijua tatizo. Tumeeleza haya kwa sentensi sita. Mzazi huyajifunza kwa miaka miwili, mtoto akiwa nyumbani.

Na matokeo yake? Katika mwaka wa masomo 2022-23, kati ya rufaa za elimu maalum zilizoamuliwa na baraza, asilimia 98 ziliwapa wazazi ushindi, angalau kwa sehemu. Kwa ombudsmani, katika mwaka 2023-24 malalamiko ya kila aina yaliyochunguzwa kwa kina yalionekana kuwa na haki kwa asilimia 80, na yale ya elimu na watoto ndiyo yaliyoongoza kwa wingi. Halmashauri hazilazimishwi kisheria kufuata mapendekezo ya ombudsmani, lakini huyafuata karibu yote, zaidi ya asilimia 99.

Hapa ndipo inapotupasa kusimama kidogo. Mtu anayeshtakiwa akashindwa mara 98 katika kesi 100, kwa kawaida hubadili mwenendo wake. Kwa nini halmashauri hazibadili? Tusikimbilie kusema kuwa maofisa wana roho mbaya. Wengi wao wanafanya kazi kwa moyo, majalada yamewafunika, na wenzao wanaacha kazi. Tufanye hesabu badala yake. Mtoto akikosa elimu kwa kosa la halmashauri, mwongozo wa ombudsmani umeweka fidia ya kati ya pauni 900 na 2,400 kwa muhula. Kwa mihula mitatu ya mwaka, kiwango cha juu ni pauni 7,200. Na Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, katika ripoti yake ya Oktoba 2024, ilionyesha kuwa nafasi moja katika shule maalum ya umma hugharimu wastani wa pauni 23,900 kwa mwaka, na katika shule maalum ya binafsi pauni 61,500. Hatudai kwamba kuna ofisa anayekaa mezani na kupiga hesabu hii. Tunasema kwamba mfumo umeipiga kwa niaba yake. Kila wiki ya kuchelewa ni nafuu kwa mfuko, na fidia, hata ikilipwa yote, ni ndogo kuliko huduma. Tena fidia hulipwa kwa yule tu aliyelalamika.

Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Nani hulalamika? Ni yule mwenye saa za kuandika barua mchana, mwenye lugha ya kiofisi, mwenye kompyuta, na pengine mwenye fedha za kumlipa mwanasaikolojia binafsi ili apinge maoni ya yule wa halmashauri. Mama anayesafisha maofisi usiku hana saa hizo. Mhamiaji aliyetoka Barawa au Mombasa, ambaye kwao neno la kumwambia mwalimu ni shikamoo, hupata taabu kuandika kwamba halmashauri imekiuka kifungu cha sheria. Amelelewa kuomba kwa adabu, na ofisini ombi la adabu husubiri chini ya barua kali. Kwa hiyo chombo kilichoundwa kumlinda mnyonge kinaweza, pasipo mtu yeyote kukusudia, kuwapanga wananchi upya kwa matabaka: anayejua kusukuma anapata kwanza, na anayenyamaza hupata kilichobaki. Mary Warnock mwenyewe mwaka 2005 aliandika kijitabu kuukosoa utaratibu ambao ripoti yake ilikuwa imeuzaa.

Hoja ya upande wa halmashauri

Tusingekuwa wakweli kama tungeishia kumlaumu diwani wa Kiingereza. Naye ana hoja, na ni nzito.

Kwanza, halmashauri za huko hairuhusiwi kisheria kupanga matumizi yanayozidi mapato. Pili, kati ya mwaka 2010 na 2018 fedha zilizotoka serikali kuu zilipungua kwa karibu nusu, thamani halisi. Wakati huo huo mahitaji yaliongezeka. Mwaka 2015 watoto na vijana wenye hati au mpango walikuwa kiasi cha 240,000. Mwezi Januari 2024 walifika kiasi cha 576,000, na mwaka mmoja baadaye walizidi 630,000. Serikali kuu nayo iliongeza fedha za watoto wenye mahitaji makubwa, kwa asilimia 58 katika miaka kumi, zikafika pauni bilioni 10.7 mwaka 2024-25, bado hazikutosha. Katika mwaka 2023 ni nusu tu ya mipango mipya iliyokamilika ndani ya zile wiki 20.

Nakisi iliyotokea ilikuwa kubwa hata serikali ikatafuta njia ya ajabu. Kuanzia mwaka 2020 iliziruhusu halmashauri kuliweka deni la elimu maalum pembeni, lisihesabiwe katika mizania yao. Ruhusa hiyo ilikuwa ikome Machi 2026. Mwezi Juni 2025 ikasogezwa mbele mpaka Machi 2028. Kwa lugha ya nyumbani, ni sawa na mwenye nyumba anayeficha barua za mdai chini ya mkeka, akijua mdai yupo na mkeka ni wake mwenyewe.

Basi diwani anauliza: mkinilazimisha nimlipie mtoto huyu pauni 61,500, nani atakosa? Swali lake ni la haki, lakini linapelekwa mahali pabaya. Analielekeza kwa mzazi, wakati aliyepunguza ruzuku hakuwa mzazi. Bunge lilitunga haki, likawapa wengine kazi ya kuilipia, kisha likaunda chombo cha kuwachunguza wanaposhindwa. Ombudsmani anaweza kusema halmashauri ilichelewa wiki 30. Hana mamlaka ya kusema kwamba Hazina ilitoa kidogo. Kwa hiyo hasira yote ya mwananchi inamwagika katika dirisha la mapokezi la halmashauri, na ofisi zilizo juu zaidi zinabaki kavu.

Yanayotuhusu sisi

Wasomaji wengine watasema haya ni ya Wazungu. Tuwakumbushe kwamba katika jambo la kusikiliza malalamiko Tanzania haikungoja kufundishwa. Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyowekwa na Katiba ya Muda ya 1965, ilianza kazi mwaka 1966, mwaka mmoja kabla ya Bunge la Uingereza kutunga sheria ya ombudsmani wake wa kwanza, na miaka minane kabla ya huyu wa serikali za mitaa. Wajumbe wa Tume walisafiri mikoani, na mwananchi asiyejua kuandika aliweza kueleza lake kwa mdomo. Tume haikuwa na uwezo wa kutoa amri. Ilipeleka taarifa kwa Rais. Mwaka 2001 kazi zake zilirithiwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Uingereza, kwa upande wake, iliuweka mlango wa 1974 nyuma ya mlango mwingine. Mwananchi hakuruhusiwa kumwendea ombudsmani moja kwa moja. Lalamiko lilitakiwa lipitie kwa diwani. Yaani ukiilalamikia halmashauri, ulimwomba mjumbe wa halmashauri akupelekee barua. Sharti hilo lilidumu mpaka sheria ya mwaka 1988 ilipoliondoa.

Halmashauri zetu zilivunjwa mwaka 1972 na kurudishwa mwaka 1984. Leo zina maofisa wa ustawi wa jamii na maofisa wa elimu maalum, na tangu 2010 tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Hatuna baraza la rufaa la mzazi na halmashauri, wala hatusemi kwamba tulinunue kama lilivyo. Lakini swali la mizani na duka linatuhusu. Ofisa anayempima mtoto kiziwi wilayani, na kusema anahitaji shule ya bweni iliyo mkoa wa jirani, anajua pia kama nauli ya mtoto huyo imo katika bajeti au haimo. Je, ataandika anachokiona kwa mtoto, au ataandika kinacholingana na bajeti? Akiandika la pili, hitaji la mtoto litakuwa limefutwa kabla halijafika katika kikao chochote, na diwani atasoma takwimu zinazoonyesha kwamba wilaya yake haina shida. Ndiyo maana tunashikilia kwamba hitaji liandikwe lote kama lilivyo, hata kama fedha hazipo, na pengo liandikwe kando yake kwa herufi kubwa. Pengo lililoandikwa linaweza kupelekwa mkoani na Bungeni. Lililofichwa ndani ya kipimo haliwezi kupelekwa popote.

Kuna utaratibu mmoja wa Waingereza ambao tunauona una manufaa hasa, ingawa hautajwi sana. Sheria ya mwaka 2007 ilimruhusu ombudsmani, akiwa anachunguza lalamiko la mtu mmoja, kuwageukia wengine walioguswa na kosa lile lile hata kama hawakulalamika. Mzazi mmoja anathibitisha kuwa mtoto wake alinyimwa mwalimu wa matamshi kwa sababu nafasi ya kazi ilikuwa wazi. Halmashauri inatakiwa ifungue majalada ya watoto wote waliokuwa wakimngoja mwalimu huyo, iwatafute, na iwaambie wazazi wao. Katika majalada hayo yamo ya yule mama anayesafisha maofisi usiku, ambaye hakuandika barua yoyote. Kwa diwani wa kwetu anayetaka kuanza na jambo dogo, lipo hapo: lalamiko la mtu mmoja linapoletwa kikaoni, kabla ya kuuliza ni ofisa gani aliyekosea, aombe kwanza orodha ya wengine walio katika hali ile ile.